Mtoto Niliyemwokota Chini ya Mkorosho

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Si habari ya jirani, wala sikuisikia msibani kwa watu. Ni mwaka juzi tu, mvua za masika zilipokwisha. Wanaonisikia huniuliza, "Ulikuwa una homa?" Sikuwa na homa. "Ulikuwa umesinzia?" Nilikuwa nimekaa kitako uani kwangu nikishona makuti, jua limesimama utosini, na mavyaa wangu yuko hatua chache kutoka nilipo akichambua mchicha. Sasa niambie wewe, mtu huota huku anashona makuti?

Ukitaka amini, usipotaka basi, sikulazimishi. Lakini nisikilize mpaka mwisho, maana lililonipata mimi linaweza kumpata yeyote apitaye njia ya shambani.

Nyumba yetu iko nyuma ya Msambweni, ukiacha lami ukaingia ndani mwendo wa saa nzima kwa miguu, pale mihogo na mikorosho ya watu inapokutana na msitu. Mume wangu Rama ni askari wa getini kwenye hoteli moja kule Diani, na huja nyumbani siku moja kwa wiki. Siku zilizobaki tulikuwa wawili tu, mimi na mavyaa wangu, Bi Mejumaa, aliyemzaa Rama. Kazi yangu ni hiyo ya makuti ya kuezekea. Nimeianza msichana na mikono yangu inaijua kuliko mimi.

Lakini kwanza lazima nikwambie jambo moja, maana bila hilo utaniona mwanamke mpumbavu. Nilikuwa nimefiwa na mtoto. Alikuwa wa kike, akakaa nasi siku tisa. Siku ya saba tulimpa jina, Mwanaidi. Siku ya tisa alfajiri nilimgusa, nikamkuta baridi. Akazikwa kwenye makaburi ya kina Rama, kule minazini, na mimi nikarudishwa ndani kumaliza arubaini yangu. Nikafungwa tumbo, nikakandwa maji moto, nikaletewa uji wa pilipili manga, kila kitu kama mzazi mwingine yeyote, ila mikono mitupu. Maziwa yalinijaa yakaniuma siku nyingi, kisha yakakauka yenyewe.

Siku ya tatu baada ya kutoka arubaini, nilimwambia mavyaa kwamba naenda shambani kutazama mihogo. Uongo. Nilitaka tu kuwa mahali ambapo hakuna mtu wa kunipa pole.

Mwisho wa shamba letu pana mkorosho mkongwe ambao matawi yake yamelala mpaka chini, ukiingia ndani yake ni kama umeingia chumbani. Niliinama nipite, nikamwona. Mtoto wa kulungu. Kulungu wetu wa huku unawajua, wale wenye rangi ya udongo mwekundu na madoa meupe kiunoni. Huyu alikuwa mdogo, amejikunja kwenye majani makavu, masikio ameyalaza, macho wazi. Nilipomkaribia hakukimbia. Hakulia. Hata pumzi yake nilikuwa siioni. Nilimgusa mgongo, akatulia vilevile.

Hakuwa na jeraha. Nilimkagua miguu na tumbo, sikuona damu wala nzi. Nikasimama nikatazama huku na huku, nikasikiliza. Kimya. Moyoni nikasema, mama yake amenaswa. Vijana wa huku hutega mitego ya waya, kila mtu anajua. Mama amekufa, mtoto anangoja kufa. Nilingoja muda gani kabla ya kusema hivyo? Nikwambie kweli, hata muda wa kuchemsha chai haukupita.

Nikavua leso yangu ya juu, nikamfunga, nikambeba kifuani kama anavyobebwa mtoto. Alikuwa na joto. Nilikuwa nimesahau uzito ule.

Nilipoingia uani, mavyaa aliinua uso akaniangalia muda mrefu.

"Umemtoa wapi?"

"Chini ya mkorosho, Mama. Hana mamake."

"Nani amekwambia hana?"

"Alikuwa peke yake."

Bi Mejumaa alifungua kinywa, kisha akakifunga. Akainuka, akaenda kwa jirani mwenye ng'ombe, akarudi na maziwa kwenye kikombe. Ndani mlikuwa na chupa ya Mwanaidi, ile niliyonunuliwa nikiwa na mimba na ambayo haikutumika. Tukaijaza. Yule mdogo aligeuza kichwa mara mbili tatu, kisha akashika akanyonya. Wallahi, alipoanza kunyonya nilihisi kifua kinanichoma, nikatazama, gauni limelowa. Maziwa yangu, yaliyokwisha kauka, yalirudi.

Nilimwita Mwanaidi. Mavyaa alinisikia, akaenda kuosha kikombe cha jirani.

Jioni Rama alipiga simu, nikamweleza kwa furaha. Yeye hakufurahi. Aliniambia hoteli yao ina mbega wengi, na kila mbega akianguka au akipigwa na umeme kwenye nyaya kuna watu wa kuokoa wanyama ambao huitwa, na kuna dada mmoja kati yao anaitwa Mwende ambaye huja haraka. Akanitumia namba. "Mpigie leo," akasema. "Wanyama wa msitu si wa kufuga, mke wangu. Isitoshe ni kosa." Nikamwambia nitapiga. Sikupiga. Ule usiku nililala naye ubavuni.

Siku ya pili alianza kuharisha. Maji meupe, yananuka. Nilimfuta kwa kitambaa, nikamrudisha kwenye tenga nililomtandikia chumbani, nikatoka uani kushona. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi, ule wakati ambao huku kwetu watoto huitwa waingie ndani na njia zote huwa nyeupe tupu. Nikahisi mtu yuko karibu. Nikainua macho.

Alikuwa mwanamke, amesimama penye mwanya wa ua wetu. Mrefu, mwembamba, shingo ndefu. Hana viatu. Amejifunga leso moja tu, nyekundu iliyochujuka, yenye vitone vyeupe. Sikumsikia akibisha hodi. Kuku wetu walikuwa wanachakura, sasa walikuwa wamesimama wote, kila mmoja mahali pake.

"Asalamu alaikum," nikamwambia.

Hakuitikia salamu. Alisema, "Mwanangu yuko wapi?"

Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu ambaye hakuzoea kuitumia.

"Mwana yupi, dada?"

"Nilimlaza. Nilikwenda kula. Niliporudi hayupo."

Hapo ndipo nilipoona kifua chake. Ile leso ilikuwa imelowa kwa mbele, pande zote mbili, na harufu ikanifikia. Mwanamke aliyenyonyesha anaijua harufu ile. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelowa vivyo hivyo.

Nikamwambia, "Hapa hakuna mtoto."

Akaniangalia. Macho yake yalikuwa makubwa, meusi, na kwa muda wote aliosimama pale hayakupepesa hata mara moja. Kisha akageuka akaenda zake upande wa shamba.

"Unazungumza na nani?" mavyaa akaniuliza kutoka mlango wa jikoni.

"Yule mwanamke, Mama. Aliyesimama hapo."

Bi Mejumaa alitazama mwanya wa ua, akanitazama mimi, akaacha mchicha wake chini. "Hapo hapakusimama mtu, mwanangu. Mimi nimekaa nimeelekea hukohuko."

Utasema akili yangu iliyumba kwa msiba. Na mimi nilisema hivyo. Lakini nikaingia ndani nikachukua simu, nikampigia huyo Mwende. Alikuwa mtu wa bara, Mkamba, ana sauti ya upole lakini hana maneno mengi.

"Mama, sikiza," akasema. "Ulimpata akiwa analia?"

"La."

"Ako na kidonda? Nzi? Siafu?"

"Hana."

"Alikuwa amelala tu, amejikunja, ametulia?"

"Ndiyo."

Akasema, "Huyo hakuwa yatima. Kulungu hulaza mtoto mahali pa kujificha, anaenda kula mbali ili asivutie chui au mbwa, anarudi kumnyonyesha. Mtoto anajua asisogee. Mama alikuwa hapo karibu, alikuwa anangoja wewe utoke. Umempa nini?"

"Maziwa ya ng'ombe."

"Usimpee tena. Yanamharibu tumbo. Usimpee kitu chochote, usimshikeshike. Mrudishe leo, mahali palepale ulipomtoa, kabla jua halijatua, kisha uende mbali kabisa. Mama atamfuata."

"Hatamkataa kwa harufu yangu?"

"Hayo watu husema tu. Mama yake atamtafuta siku mbili, tatu. Baadaye anachoka. Tafadhali, mama, leo."

Nikasema sawa. Na nilikwenda, Mungu ni shahidi wangu. Baada ya alasiri nilimbeba mpaka chini ya mkorosho, nikamlaza kwenye majani yaleyale, nikarudi nyuma hatua ishirini, pengine thelathini. Akainuka kwa miguu yake ile myembamba, inamtikisika, akaanza kunifuata.

Kama ungekuwa mimi ungefanya nini? Mtu ambaye mikono yake haijawa mitupu atajibu upesi. Mimi nilirudi nikambeba. Nilijiambia atakufa pale peke yake. Nilijiambia mengi. Nilipofika nyumbani nikamwandikia Mwende ujumbe: "Nimemrudisha. Ahsante sana." Akanijibu, "Mungu akubariki, mama."

Siku ya tatu hakutaka chupa. Tumbo lilivimba likawa gumu, nyuma amelowa, na macho yake yalianza kuingia ndani. Mavyaa alikuja akakaa kitandani pembeni ya tenga, akaweka mkono wake juu ya kichwa cha yule mtoto, akautoa. Nikatoka nje. Nilikuwa siwezi kumtazama.

Jua lilipofika utosini, mwanamke yule alikuwa amesimama pale pale. Safari hii alikuwa amekonda. Siku moja tu, na mifupa ya mabega imetoka. Leso yake imekauka ikawa ngumu kwa mbele, juu ya ule ukavu ikalowa tena.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Nimeshakwambia, hapa hakuna mtoto."

"Hapa pananuka yeye."

"Hakuna mtoto," nikasema. Kisha nikasema neno ambalo mpaka leo linanikaa kooni. "Wallahi, hapa hakuna mtoto."

Niliapa. Nikalitaja jina la Mungu juu ya uongo, adhuhuri, huku mwana wa mtu anakufa chumbani kwangu.

Hakunikaripia. Alinitazama kifuani, pale gauni lilipokuwa na alama za maziwa, akauliza taratibu, "Na wako yuko wapi?"

Sikutegemea swali lile. Nikanyosha mkono kuelekea minazini. "Yuko kule. Nilimzika."

Akaangalia nilikoonyesha, kwa muda. Akasema, "Basi wewe unajua alipo wako."

Akaondoka.

Sijui nilikaa vile kwa muda gani. Nakumbuka sindano ya makuti imenichoma kidole na damu inatiririka nisiisikie. Kisha nilikimbia ndani, nikampigia Mwende, nikamwambia yote: kwamba sikumrudisha, kwamba nilimdanganya, kwamba mtoto anakufa. Sikumwambia habari ya yule mwanamke. Mwende hakunigombeza. Alisema tu, "Mfunike, muweke mahali pa giza, kimya. Nakuja sasa hivi."

Alikuja kwa pikipiki, mwendo wa kutoka Diani, ana sanduku nyuma. Lakini alipokuwa anazima injini uani, yule mdogo alikuwa ameshanyosha miguu. Alipumua mara moja kwa nguvu, nikangoja ya pili. Haikuja. Ya mwanangu ilikatika nimelala, sikuiona; ya huyu Mungu alinionyesha.

Mwende alipiga magoti, akamgusa shingoni, akavua kofia. Alikuwa msichana mdogo kuliko nilivyodhani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi.

"Kitu kimoja nimeona ajabu," akasema baadaye, mavyaa alipompa maji ya kunywa. "Nikikuja, nimepita kulungu jike amesimama kando ya hii njia yenu. Saa hii, jua kali hivi. Hao mchana hujificha. Na huyu hakuogopa pikipiki. Alikuwa anaangalia tu hii nyumba."

Mavyaa na mimi tulitazamana.

Mwende alipiga simu kwa wakubwa wake, wakazungumza, kisha akaniambia nimzike, shimo liwe refu, asifukuliwe na mbwa wala asiliwe na mtu. Tulimzika palepale chini ya mkorosho, mimi na yeye na mavyaa, kwa jembe moja tukipokezana. Kabla hajawasha pikipiki alinishika mkono. "Mama, hukufanya kwa ubaya," akasema. "Lakini next time, piga simu kwanza. Kabla hata hujamgusa." Nikamwitikia kwa kichwa.

Tuliporudi nyumbani, Bi Mejumaa alikaa kwenye kizingiti akashindwa kuinuka.

"Mimi nilijua," akasema. "Siku ile ulipoingia naye, nilijua kwamba hakuachwa, amelazwa. Tumekua na wanyama hawa. Lakini nilikuona unatabasamu, mwanangu. Sikuwa nimekuona ukitabasamu tangu tumzike mwanao. Nikanyamaza." Akalia, na mimi nikakaa karibu naye, tukalia wote wawili. Sikumlaumu. Aliyembeba ni mimi.

Siku ya nne niliamka nikaoga, nikavaa nguo safi, wala sikugusa makuti. Mavyaa aliniuliza mbona nimekaa tu. Nikamwambia nangojea mgeni. Hakuniuliza mgeni gani.

Alikuja wakati wake. Alikuwa hawezi hata kusimama vizuri, ameshika mti wa ua. Sikungoja aniulize. Niliinuka, nikamwendea, kwa mara ya kwanza nikasimama karibu naye kiasi cha kuhisi joto la mwili wake.

"Nilimchukua mimi," nikamwambia. "Nilidhani ameachwa. Kisha nilijua hakuachwa, na bado nikamshika. Nimekudanganya mara mbili, na mara ya pili nikamtaja Mungu. Mwanao amekufa. Njoo nikuonyeshe alipo."

Niliogopa? Niliogopa sana. Lakini kuna kitu kilikuwa kikubwa kuliko ile hofu, nacho ni lile neno lake la jana yake. Mimi nilikuwa na mahali pa kwenda kukaa na kusoma Fatiha. Yeye alikuwa anazunguka tu.

Nikatangulia njiani. Sikugeuka nyuma hata mara moja, na nyuma yangu sikusikia hatua. Nilisikia pumzi tu, na ile harufu ya maziwa, sasa imechacha. Tukapita mihogoni, tukafika mkoroshoni, nikayainua matawi kwa mkono apite.

"Hapa," nikasema.

Akanipita. Akapiga magoti kwenye udongo mpya, akainamisha uso mpaka ukagusa chini, akavuta pumzi ndefu. Nikageuza uso wangu. Mtu akiwa na maiti wake hatazamwi. Nilisimama nimeshika tawi, nikasoma ninachokijua, nikamwomba Mungu msamaha, kisha nikamwomba yeye msamaha, kwa sauti, kwa jina la mtoto wangu na la mtoto wake ambaye sikuwa na haki ya kumpa jina.

Nilipogeuka, mwanamke hakuwapo. Palikuwa na kulungu jike. Amesimama juu ya lile kaburi, chuchu zimemvimba, analamba udongo. Analamba polepole, mahali pamoja, kama wanavyowalamba watoto wao. Aliinua kichwa akaniona. Tulikuwa karibu, ningenyosha mkono ningemgusa. Nilingoja anifanye lolote alilotaka, na ningelipokea. Hakunifanya kitu. Alinitazama kwa macho yale yale, akatoka upande wa pili wa matawi, akaingia msituni kwa hatua za kawaida, bila kukimbia.

Niliporudi, mavyaa alikuwa amesimama mlangoni. "Nimekuona ukitoka peke yako," akaniambia. "Lakini kuku walikuwa njiani. Ulipopita wewe walisogea kando, wakarudi. Halafu wakasogea tena, kama kuna mwingine anapita. Nimeona hivyo. Sitasema zaidi ya nilichoona."

Yule mwanamke hajarudi tena. Wala sijamwona kulungu karibu na mkorosho ule tangu siku hiyo, ingawa Rama ameshasema mara nyingi wako tele upande wa pili wa mto ule wa msituni.

Lakini usidhani nilitoka hivihivi. Maziwa yaliendelea kunitoka siku saba, mchana tu, jua likifika utosini, kisha yakakatika kabisa. Nilikwenda kwa mwalimu wa madrasa yetu, nikamweleza habari ya kiapo, si habari yote. Aliniambia nitubu na nifunge siku tatu. Nikafunga. Hata hivyo tangu siku ile neno wallahi halijanitoka mbele ya mtu, hata kwa jambo la kweli, hata nikishindana bei na mnunuzi wa makuti. Nimeapa nalo leo tu mbele yako, mara moja, nawe umelisikia. Saa sita ikifika naacha kazi, naingia ndani, nakaa. Tumejaaliwa mtoto mwingine, wa kiume, ana afya, Alhamdulillahi. Watu huniambia namshika mno. Simlazi chini peke yake nikaenda mbali. Siwezi.

Na sasa ni mimi wanayeniita. Juzi jirani alikuta bundi kavunjika bawa kando ya lami, vijana wanataka kumpiga mawe kwa kuwa ni bundi. Nikamtupia leso, nikamtia kwenye katoni yenye matundu, nikamweka mahali pa giza bila chakula wala maji, nikampigia Mwende. Akaja akamchukua. Huyo alikuwa na jeraha. Aliyeumia anasaidiwa hivyo, kwa mikono michache na kwa simu ya upesi, maana hata maji unayomnywesha kwa huruma yanaweza kumuingia kifuani yakamuua.

Lakini yule mwingine, mtoto aliyelala kimya kwenye nyasi, hana damu, hana nzi, hapigi kelele, anakutazama tu. Nakusihi kama ninavyomsihi ndugu yangu, huyo usimguse. Usimpige picha ukakaa. Usimwonee huruma kwa mikono yako. Rudi nyuma ulikotoka, nenda mbali mpaka usimwone, na kama una wasiwasi, wapigie wanaojua na uwaulize. Utaona hakuna mtu. Utasikia kimya, utadhani ni peke yake duniani, kama nilivyodhani mimi. Si peke yake. Kuna mama yake mahali, amesimama, amejaa maziwa, anangoja wewe uondoke.